Je, Wajua? Sisimizi wa Kundi Moja ni Ndugu wa Karibu Mno, Lakini Kila Mmoja ana Hulka Yake

Tazama msafara wa sisimizi ukipanda ukuta. Wawili wakikutana, husimama kidogo, hugusana vipapasio, kisha kila mmoja hushika njia yake. Kwa macho yetu ni mdudu yule yule amerudiwa mara elfu. Je, ni kweli? Na undugu wao ni wa kiasi gani hasa?

Kwa sisimizi, yai lililorutubishwa hutoa jike, na lisilorutubishwa hutoa dume. Maana yake dume hana baba. Babu mzaa mama anaye, baba hana! Wala yeye mwenyewe hawezi kuzaa mtoto wa kiume. Mbegu zake huzaa mabinti tu. Na kwa kuwa ametokana na yai la mama peke yake, ana seti moja tu ya kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi), ilhali dada zake wana seti mbili.

Hapo ndipo hesabu inapopendeza. Baba mwenye seti moja hana cha kuchanganya, hivyo kila binti hupata jeni zake zote vilevile zilivyo. Nusu nzima ya urithi wa madada waliochangia baba na mama inalingana kabisa. Nusu ya pili, ile ya mama, huchanganywa, na kwa wastani madada hulingana katika nusu yake. Jumlisha: nusu na robo ni robo tatu. Binadamu wa baba mmoja na mama mmoja hulingana kwa nusu tu, na hata sisimizi mwenyewe, kama angezaa, angelingana na binti yake kwa nusu. Kwa jeni, dada yu karibu naye kuliko mwana.

Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, aliwahi kusumbuliwa na fumbo la wafanyakazi wa kundi: ni majike, wanachapa kazi maisha yao yote, lakini kwa kawaida hawazai. Tabia hiyo inarithiwaje? Mwaka 1964 mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwamba kumlea ndugu pia ni njia ya kupeleka jeni zako mbele, na hesabu ya robo tatu ikawa mfano maarufu wa hoja yake.

Wengi huishia hapo, nami naona ni mapema mno. Mfanyakazi huyo huyo hulingana na kaka yake kwa robo tu. Mchwa nao, ambao si jamii ya sisimizi bali ni ndugu wa mende, wana wafanyakazi wasiozaa ingawa madume wao wana baba kama kawaida. Robo tatu haiwezi kuwa jibu zima.

Isitoshe, robo tatu inahitaji malkia mmoja aliyepandwa na dume mmoja. Malkia wa siafu hupandwa na madume zaidi ya 10, hivyo ule msafara mweusi umejaa madada wa mama mmoja na baba mbalimbali. Spishi nyingine huwa na malkia wengi ndani ya kiota kimoja. Waliovuka mipaka kabisa ni sisimizi wa Argentina, waliosafirishwa na binadamu bila kujua hadi mabara mengine. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kundi lao moja kusini mwa Ulaya lililotapakaa takriban kilomita 6,000, kutoka Italia hadi pwani ya Atlantiki ya Hispania. Ukimtoa mmoja upande huu ukamweka upande ule, hapigwi. Anapokewa kama mwenyeji, ingawa undugu wao wa damu ni hafifu sana.

Anapokewaje? Kwa harufu. Ganda la sisimizi limepakwa mafuta membamba, na vipapasio husoma harufu ya mafuta hayo. Kule kugusana ukutani ni kuulizana: wewe ni wa kwetu?

Sasa geuza swali. Tuseme sisimizi wote wa kundi wana jeni zile zile. Je, watatenda sawa? Wapo wa namna hiyo. Spishi iitwayo Ooceraea biroi haina malkia. Wafanyakazi wenyewe hutaga mayai bila dume, na watoto huwa karibu nakala kamili za mama. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, watafiti huwatia vitone vya rangi mgongoni, kila mmoja na mpangilio wake, kisha kamera na kompyuta humfuata kila sisimizi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 walichukua wenye jeni zile zile na umri ule ule, wakawapa mabuu wa kulea. Kadiri kundi lilivyoongezeka, kufikia sisimizi 16, ndivyo walivyozidi kutofautiana: baadhi walitoka mara kwa mara, wengine walibaki na watoto, na kila mmoja alishikilia mwenendo wake siku baada ya siku.

Maelezo yanayonishawishi ni ya kiwango cha kuguswa. Fikiria dada wawili na vyombo vichafu. Asiyevumilia hata sahani moja ataosha yeye kila siku. Mwenzake ataonekana mvivu, kumbe vyombo havijawahi kurundikana kiasi cha kumkera. Kwa sisimizi kinachokera ni njaa ya mabuu: anayeihisi mapema hutoka kwanza, na akisharudi na chakula, mwingine hana sababu ya kuondoka. Tofauti ndogo sana huwa kazi ya maisha.

Na wavivu wa kweli? Wapo pia. Katika makundi ya Temnothorax rugatulus, sisimizi wadogo waliochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, takriban asilimia 40 ya wafanyakazi walikuwa wametulia muda mwingi. Watafiti walipowaondoa wachapakazi hodari, ndani ya wiki moja hivi baadhi ya wale waliokuwa wametulia waliinuka na kushika kazi. Walipowaondoa waliotulia, nafasi zao zilibaki tupu.