Je, Wajua Kwa Nini Samaki wa Akwaponiki Hufa Ndani ya Mwezi Mmoja?

Tangi ni jipya, maji ni safi, vifaranga 20 vya sato vinakula kwa pupa, na pembeni kuna tuta la kokoto lililopandwa mchicha. Wiki ya kwanza inapita salama. Wiki ya pili samaki wanasusia chakula na kupanda juu kuhema. Ikifika wiki ya nne, waliobaki ni wachache. Mwenye nyumba anamlaumu aliyemuuzia vifaranga, au anadhani kuna ugonjwa umeingia. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote: samaki wamekufa kwa taka za miili yao wenyewe, kwa sababu walitiwa tangini kabla hajawepo wa kuzishughulikia.

Akwaponiki ni kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale. Maji ya samaki yanapandishwa kwenye tuta la kokoto, mboga zinachukua virutubisho, maji yanarudi kwa samaki. Wengi huelezwa kwamba "mboga husafisha maji". Ni kweli kwa nusu tu. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia ni sumu kwao. Kazi ya kuiondoa inafanywa na bakteria wanaojishikiza kwenye kila kokoto. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ndiyo inayoliwa na mboga, na sato huivumilia hata ikiwa nyingi.

Shida ni kwamba bakteria hawa huzaliana polepole mno. Bakteria wanaoozesha chakula huongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Hawa wa nitrati huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla halijawa tayari.

Hesabu ifuatayo inaonyesha hatari ilivyo kubwa. Kilo moja ya chakula cha samaki chenye protini ya asilimia 32 huacha majini takriban gramu 30 za amonia. Ukilisha gramu 50 kwa siku, ni gramu 1.5. Kwenye tangi la lita 650 hiyo ni zaidi ya miligramu 2 kwa kila lita, kwa siku moja tu ya kulisha. Kesho yake zinaongezeka nyingine 2. Katika mfumo uliokomaa kipimo cha amonia kinatakiwa kubaki chini ya miligramu 1.

Ukali wa sumu hiyo hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: 7 ni katikati, chini yake ni asidi. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo linaloua. Kwa pH 8 inakuwa karibu asilimia 7, na kwa pH 9 inafika kama asilimia 40. Tangi mbili zinaweza kuwa na amonia sawa kabisa, moja samaki wakaishi, nyingine wakafa wote.

Mfumo wa kuanzia

Chukua tangi la plastiki la lita 1,000 lenye fremu ya chuma, lile linalouzwa kwa jina la IBC. Uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula, juisi au glukosi linafaa baada ya kuoshwa. Lililobeba dawa za viwandani au lisilojulikana historia yake liache, hata likiwa nusu bei. Kata sentimita 30 za juu: hizo ndizo tuta la kokoto, lenye eneo la kama mita 1.2 za mraba. Sehemu ya chini inabaki tangi la samaki la lita 600 hadi 700. Lipake rangi nyeusi kwa nje, kisha nyeupe juu yake. Plastiki inayopitisha mwanga hujaa mwani, na mwani hula oksijeni usiku na kupandisha pH mchana. Funika juu kwa wavu imara: samaki huruka, paka hupita, na watoto hucheza uani.

Tuta likijaa kokoto na maji linakaribia kilo 700. Usiliweke juu ya meza ya mbao. Lijengee nguzo za matofali ya saruji kando ya tangi, liwe juu kiasi cha maji kurudi tangini yenyewe. Kokoto ziwe za milimita 8 hadi 20. Ndogo zaidi huziba, kubwa zaidi huwaacha bakteria na eneo dogo la kuishi na mizizi ikashindwa kushika.

Hapa wakazi wa pwani wawe waangalifu hasa. Kokoto nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Tanga hutokana na mawe ya matumbawe, yaani ni chokaa. Tia chache kwenye siki. Zikitoa mapovu, usizitumie. Zitapandisha pH hadi 8 au zaidi na kuishikilia hapo kwa miaka. Utamwaga asidi leo, kesho imerudi. Amonia inakuwa kali, na mboga zinakuwa na majani machanga ya njano kwa kukosa chuma, ingawa chuma kimo majini. Tafuta kokoto za granite, au mawe mepesi ya volkano kama yanayopatikana Arusha na Naivasha. Ni mepesi kubeba na yana vitundu vingi, na bakteria huyapenda. Zioshe hadi maji yatoke meupe.

Kuna njia mbili za kujaza na kukausha tuta. Ya kwanza ni sifoni ya kengele, inayojinyonya yenyewe maji yakifika juu. Ni ya kupendeza, lakini humsumbua mtu mgeni: maji yakiingia taratibu mno sifoni haianzi, yakiingia kwa kasi mno haikatiki. Ushauri wetu ni kuanza na saa ya umeme inayowasha pampu dakika 15 na kuizima 45. Katikati ya tuta simamisha bomba la inchi moja na nusu lenye urefu wa sentimita 25, na karibu na kitako chake toboa matundu mawili ya milimita 8. Pampu ikiwaka maji yanapanda hadi mdomo wa bomba, yanayozidi yanarudi tangini. Ikizimwa tuta linakauka kwa matundu yale kwa muda wa kama nusu saa, na hewa inaingia kwenye mizizi. Zungushia bomba hilo bomba pana la inchi 4 lililotobolewa tobolewa, ili kokoto na mizizi visizibe matundu. Sentimita 5 za juu za kokoto zibaki kavu daima, la sivyo mwani na mbu watakaribishwa.

Pampu iandikwe lita 2,000 kwa saa. Ikisukuma maji mita 1.2 kwenda juu itatoa kama nusu ya hizo, ambazo zinatosha. Ongeza pampu ndogo ya hewa yenye mawe mawili ya kupulizia, inayofanya kazi saa 24. Maji ya nyuzi 30 hayabebi oksijeni zaidi ya miligramu 7.5 kwa lita, na sato hustawi zikiwa juu ya 5, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni ndogo. Pampu ya wati 25 na ya hewa ya wati 10 kwa ratiba hii hula karibu uniti 12 za umeme kwa mwezi.

Wiki za kusubiri

Jaza maji. Ya bomba yana klorini, na klorini huua bakteria na samaki. Yaache wazi siku mbili huku hewa ikipulizwa. Ya kisima yapime pH na yaonje: yenye chumvi hayafai mboga nyingi.

Sasa wape bakteria chakula bila samaki. Mbolea ya urea inatosha, ile ya asilimia 46 inayouzwa duka lolote la pembejeo. Usitumie mbolea nyingine kama NPK, DAP wala CAN. Gramu 3, ambazo ni chini ya kijiko cha chai, zinatoa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita katika tangi hili. Usishangae kipimo cha amonia kikisoma sifuri siku ya kwanza. Urea huhitaji siku chache kugeuka amonia. Hapa ndipo wengi huongeza na kuongeza, kisha wiki ya pili kipimo kinapanda hadi kisichosomeka. Ukipata kokoto chache kutoka mfumo wa jirani unaofanya kazi, zichanganye na zako. Zinaweza kukupunguzia wiki mbili.

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Pima kila baada ya siku mbili na uandike. Amonia itapanda kwanza. Ikianza kushuka, nitriti itapanda, na hapo uvumilivu unahitajika zaidi, maana nitriti inaweza kukaa juu siku nyingi. Kila amonia inaposhuka tena karibu na sifuri, rudia gramu 3 za urea. Nitrati ikionekana, panda miche. Baada ya amonia na nitriti kupanda na kushuka, tangi liko tayari pale unapotia urea, ukapima kesho na keshokutwa, ukakuta amonia na nitriti zote ziko karibu na sifuri.

Samaki wangapi, chakula kiasi gani?

Katika akwaponiki kipimo cha kwanza ni uzito wa chakula kinachoingia kwa siku; idadi ya samaki inafuata baadaye. James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, waliofanya utafiti kisiwani St. Croix tangu miaka ya 1980, ndio waliouweka msingi huo. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 2014 kwa mifumo midogo unatoa gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, na 50 hadi 80 kwa mboga za matunda kama nyanya na bamia.

Tuta letu la mita 1.2, basi, linabeba gramu 50 hadi 60. Vifaranga 20 vya gramu 5 vinakula asilimia 8 ya uzito wao, yaani gramu 8 tu. Chakula hicho hakitoshi tuta zima. Panda robo yake kwanza, na usidhani mfumo umeharibika mboga zikipauka. Samaki wakifika gramu 50 wanakula gramu 40 hadi 50, na hapo tuta lijae. Wakifika gramu 200 wanataka gramu 80. Ama uongeze tuta la pili, ama uanze kuvua wakubwa na kuwala. Kuendelea kulisha huku tuta likiwa lile lile ndiyo njia ya kuwaua samaki waliokwisha kukua, na hiyo inauma kuliko kupoteza vifaranga.

Nunua sato dume watupu, la sivyo watazaana na tangi litajaa vitoto visivyokua. Chakula ambacho hakijaliwa ndani ya dakika 20 kitoe. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru tegemea ukuaji wa polepole. Sato hupenda nyuzi 27 hadi 30. Kwa mboga, anza na mchicha, figiri, sukuma wiki, saladi na mnanaa. Nyanya zisubiri miezi mitatu au minne.

Yanayoharibika baadaye

Kugeuza amonia kuwa nitrati huzalisha asidi, hivyo pH hushuka yenyewe mwezi hadi mwezi. Lenga 6.5 hadi 7. Ikishuka chini ya 6 bakteria huzembea, na amonia hurudi wakati hukuitarajia. Tundika tangini mfuko wa kitambaa wenye maganda ya mayai yaliyosagwa, yatayeyuka taratibu. Ikirudi 6.8, utoe mfuko.

Chakula cha samaki kina chuma kidogo. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, tia chuma cha cheleti (kilichofungwa ili mimea iweze kukinyonya) aina ya DTPA, miligramu 2 kwa lita, mara moja kila wiki tatu au nne. Kingo za majani makuukuu zikiungua, upungufu ni wa potasiamu.

Samaki wakihema juu alfajiri, kwanza angalia hewa, kisha nitriti. Matamvua yakiwa ya kahawia badala ya mekundu, ni nitriti: sitisha chakula, badilisha robo ya maji, na uyeyushe gramu 100 za chumvi ya kawaida, kwani kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia nitriti kuingia kwenye damu. Kiasi hicho hakidhuru mboga.

Umeme ukikatika, usilishe. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi. Weka pampu ya hewa ya betri ya volti 12 inayojiwasha yenyewe. Tangi lenye kilo 10 za samaki linaweza kupoteza wote ndani ya saa chache za usiku wa joto.

Wadudu wakivamia, usipulize dawa. Pareto, ambayo wengi huiona salama kwa kuwa inatoka kwenye ua, ni miongoni mwa sumu kali kabisa kwa samaki, na mwarobaini nao una madhara kwao. Vidukari waoshe kwa maji ya kasi asubuhi, viwavi waokote kwa mkono, na mche uliozidiwa ung'oe na kuutupa mbali na tangi. Shimo lake pandikiza mche mwingine siku hiyo hiyo, ili nitrati isikose wa kuila.