Cheti cha ndoa si mkataba wa mkopo

"Ukioa, umeoa na madeni yake." Kauli hii imezeeka, na bado wengi wanaiamini. Kwa kawaida, kinachomfunga mtu kwenye deni la kadi ya mkopo ni mkataba wa benki, si ndoa. Itazame fomu ya maombi: aliyetia saini kama mwenye akaunti, au mwombaji mwenza, ndiye anayedaiwa. Mwenzi aliyepewa tu kadi ya pili yenye jina lake hununua nayo, ila bili humwendea mwenye akaunti. Hapo ndipo watu huchanganya mambo. Udhamini ni habari nyingine, ukidhamini, umo.

Hata hivyo, uvumi huu haukuzuka hivi hivi. Marekani ina majimbo 9, yakiwemo California na Texas, ambako deni lililokopwa ndani ya ndoa mara nyingi huhesabiwa la wote wawili. Ufaransa nayo huwabana wote kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani.

Na mwenzi akifariki? Kwingi deni hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha. Mdai akikupigia simu msiba haujaanuliwa, usiahidi kitu. Mwombe kwanza mkataba wenye saini yako.