Harusi moja, modi tatu: lini napiga kwa M na lini naiachia kamera

Kuna fahari moja imeota mizizi kwa wapiga picha wa harusi hapa Dar es Salaam: fundi wa kweli hupiga kwa M, modi ya kupanga kila kitu kwa mkono, na ukionekana umeweka A au Av, ambapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi ya shata, basi bado hujaiva. Naisikia kwa vijana ninaowafundisha, naisikia hata kwa wateja. Mimi nakula kwa kazi hii, na harusi moja haiishi bila kuhama modi mara kadhaa. Kinachoniamulia ni swali moja tu: mwanga unaowaangukia watu wangu umetulia, au unabadilika?

Kwanza ujue kamera inavyofikiri. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hakioni mwanga unaomwangukia mtu. Kinaona ule unaorudi kutoka kwake. Tena kimeundwa kikiamini kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu utapata kijivu cha katikati, kile ambacho watu wa filamu walikipima kwa kadi ya asilimia 18. Sasa mlete bibi harusi. Gauni jeupe linajaza sehemu kubwa ya fremu, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza. Gauni linatoka rangi ya majivu na uso wa dada wa watu, awe maji ya kunde au mweusi, unazama gizani. Geuza lenzi kwa bwana harusi na suti yake nyeusi: kamera inaona giza, inaongeza, suti inakuwa kijivu na kola ya shati inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu. Wamesimama chini ya mwembe mmoja, kivuli kilekile, na kila mmoja kaharibika kwa upande wake.

Ni kweli kamera zimeerevuka. Tangu Nikon FA ya mwaka 1983 zimekuwa zikigawa fremu vipande vipande na kuvilinganisha, na za leo zinautambua uso. Inasaidia, ila bado hazijui kipi ni kitambaa cheupe na kipi ni mwanga mkali.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kile kitufe chenye alama ya +/-, ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Gauni likitawala fremu, naongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), pengine moja na theluthi mbili. Suti nyeusi ikitawala, napunguza kama moja. Bibi harusi akiwa kwa mpambaji, amelipa dirisha mgongo, naongeza hata mbili, ama sivyo ninapata umbo jeusi lenye hereni. Watu wanaruka kutoka Auto ya kijani, ambapo kamera inaamua yote, moja kwa moja hadi M bila kupita kwenye kitufe hiki, halafu wakifika M wanazungusha magurudumu mpaka kale kamshale kasimame kwenye sifuri. Kamshale hako ni kipimo kilekile! Ukikafuata bila kukabishia, hujapiga kwa mkono. Umeifanyia kamera kazi ya vidole tu, tena polepole kuliko ambavyo ingejifanyia yenyewe.

Basi M ina faida gani? Faida yake unaiona kwenye picha za familia baada ya misa. Natafuta kivuli kipana, napiga picha moja au mbili za kujaribu, natazama histogramu (mchoro unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha) na uso wa mtu mmoja, kisha nafunga kila kitu: tuseme tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 400. Hapo waje upande wa bwana na suti zao, waje wasimamizi na magauni ya rangi ya peach, ije kamati na sare ya kitenge. Nguo zinabadilika, mwanga haubadiliki, kwa hiyo mipangilio yangu haisogei. Ningekuwa kwenye A, kila kundi lingetoka na mng'ao wake, kwa kuwa kamera ingekuwa inapima nguo zao. Na usiku nikikaa na Lightroom, programu ya kuhariri picha, nasahihisha picha moja, nanakili marekebisho, nayabandika kwa nyingine zote za pale. Anayehariri picha mia nyingi ananielewa.

Lakini mlango wa kanisa ni habari nyingine. Ndani niko f/2.8, 1/125, ISO 3200. Nje ni saa nane mchana, na jua letu lisilo na wingu linafuata ile kanuni ya zamani ya filamu: f/16, 1/100, ISO 100. Hesabu tofauti: stopu 5 za tundu la lenzi, stopu 5 za ISO. Stopu 10 ni mwanga mara 1,000 hivi, na maharusi wanaivuka tofauti hiyo kwa hatua chache, huku vigelegele vinapigwa na maua yanarushwa. Anayeng'ang'ania M hapo anarudi na shuka jeupe. Mimi naweka A, f/2.8, ISO otomatiki, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250. Wakitoka, ISO inaanguka yenyewe hadi 100 na shata inapanda hadi kama 1/3200, na macho yangu yanabaki kwa watu. Nikiwa nimetangulia nje nikiwatazama, nakumbuka pia kwamba nyuma yao kuna mlango wenye giza, na kamera italionea giza hilo huruma. Kwa hiyo napunguza theluthi mbili mapema, kuokoa gauni lililoingia juani.

Hapa niseme neno kuhusu M yenye ISO otomatiki, maana kuna wanaoitumia wakijisifu kwamba wako kwenye M. Ni modi nzuri, naipenda, lakini ni otomatiki iliyovaa kofia ya M. Wewe umechagua tundu na kasi. Mng'ao wa picha bado unaamuliwa na kipimo, na gauni jeupe litakidanganya vilevile. Kamera nyingi mpya zinakuruhusu kuweka +/- hapo, baadhi ya za zamani hazikuruhusu, kwa hiyo jaribu yako nyumbani.

Auto ya kijani naiwasha ninapomkabidhi shangazi kamera anipige na mimi. Basi.

Ukumbini narudi M, safari hii kwa ajili ya flashi. Kamera kwenye M, flashi kwenye TTL: mimi naamua mwanga wa ukumbi uonekane kiasi gani, flashi inapima yenyewe kiasi cha kumpa mtu. Kasi ya shata inaongoza taa za nyuma na wala haipunguzi nguvu ya flashi, mradi usivuke kasi ya mwisho ambayo shata inaweza kwenda pamoja na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Ukitaka mapambo ya jukwaani yang'ae, shuka hadi 1/60. Ukitaka ukumbi uzame, panda.

Sababu nyingine ya kushika shata mwenyewe ukumbini ni taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukiiachia kamera ichague 1/320, unapata mistari ya giza inayokatiza picha, na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kwa hiyo nafika kabla ya MC, naomba taa ziwashwe kama zitakavyokuwa wakati wa keki, napiga kwa 1/100, navuta picha kwenye skrini, natafuta mistari. Ikiwepo, nashuka 1/50, na kama nilikuwa nimewasha shata ya kielektroniki narudi kwenye ya kawaida. Ikibaki bado, namfuata kijana wa taa na kumwomba azipandishe, kwa sababu LED nyingi hupepesa vibaya zaidi zikipunguzwa mwanga, na ni rahisi yeye kupandisha taa kuliko mimi kuufuta mstari uliopita usoni kwa mama mkwe.