Mti wa Mnyongaji kule New York, mbona hajanyongwa mtu?

Jina ndo limeuponza huu mti. Upo Washington Square Park, Manhattan, kona ya kaskazini magharibi, wanauita Hangman's Elm, yaani elmi ya mnyongaji (elmi ni aina ya mti), basi kila mtalii akifika anakodoa macho juu atafute tawi lililofungwa kamba. Hakuna. Hakuna rekodi yoyote ya mtu kunyongwa kwenye ule mti, na hata ardhi yenyewe inakataa, maana pale ulipo palikuwa shamba la mtu binafsi mpaka jiji lilipopanunua na kupaunganisha na paki mwaka 1827, sasa serikali ikanyongee watu shambani kwa mtu kweli?

Kinachochanganya ni kwamba jirani hapo palikuwa na makaburi ya masikini, kuanzia 1797 hadi 1825, na huko kweli alinyongwa Rose Butler mwaka 1819, binti mtumwa wa miaka 19 aliyehukumiwa kwa kuchoma nyumba. Ila alinyongewa kwenye jukwaa la kunyongea, sio mtini. Jukwaa halipo tena, mti upo, basi kesi yote ikabebeshwa mti (kwetu nako mbuyu ukishazeeka tu lazima upewe jini). Ile ya jenerali Lafayette wa Ufaransa kualikwa 1824 atazame majambazi 20 wakining'inizwa pale ni stori tu, haina ushahidi.

Eti paki ilipojengwa makaburi yalihamishwa? Thubutu! Zaidi ya watu 20,000 bado wamelala chini ya zile nyasi watu wanapokaa wakila piza.

Na sio mti mkongwe kuliko yote New York. Mwaka 1989 idara ya paki iliukadiria miaka 310, mingi sawa, lakini kule Queens, upande mwingine wa jiji hilohilo, Alley Pond Park, kuna mti mwingine unaoitwa Queens Giant unakadiriwa miaka 350 mpaka 450. Tena huyo wa Queens ndo mwenyeji halisi, elmi hii asili yake Ulaya.

Mwisho ule ugonjwa unaomaliza elmi duniani, wanauita wa Kiholanzi wakati haukutoka Uholanzi, ni fangasi anayesambazwa na wadudu wadogo wanaotoboa magome ya miti, wanasayansi wa Kiholanzi walichofanya ni kuuchunguza mapema tu, jina likawang'ang'ania.