Oili ya difu: kazi yake, kuichagua na kuibadilisha

Oili ya difu ni mafuta mazito ya gia yanayokaa ndani ya lile bonge la chuma lililo kwenye ekseli ya nyuma ya pikapu. Propela, mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi, huzungusha pinioni, ambayo ni gia ndogo, nayo pinioni huzungusha krauni, gia kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne ina difu nyingine mbele, yenye oili yake na nati zake, na hiyo ya mbele ndiyo husahaulika.

Kwa nini isitiwe oili yoyote tu? Jibu liko kwenye mkao wa pinioni. Katika pikapu nyingi haikai usawa mmoja na kitovu cha krauni, bali imeshushwa chini kidogo, mpangilio unaoitwa haipoidi. Meno yanashikana kwa eneo kubwa zaidi, gia inakuwa imara na mlio unapungua. Lakini meno hayo hayabingiriani tu, yanaburuzana huku yamebanwa kwa nguvu kubwa, na hapo utando wa oili ya kawaida hukatika, chuma kikala chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa viambato vya salfa na fosforasi. Msuguano ukileta joto, viambato hivyo huungana na uso wa jino na kufanya ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya jino. Ile harufu kali inayong'ang'ania mikononi hata baada ya sabuni inatokana na salfa.

Kwa hiyo kwenye kopo anza kusoma daraja, kisha ndipo utazame uzito. Difu ya haipoidi inataka API GL-5 (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayopanga madaraja hayo). GL-4 ina viambato vichache zaidi na ni ya giaboksi nyingi za mkono. Usizibadilishane: GL-4 kwenye difu huacha meno yakikwaruzika, na GL-5 kwenye giaboksi isiyotengenezewa oili hiyo inaweza kula ringi za shaba njano zinazosaidia gia kuingia.

Uzito unaotumika zaidi ni 75W-90, 80W-90 na 85W-140. Namba ya kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, ya mwisho inaeleza mnato wake ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi. Usiilinganishe na oili ya injini, maana vipimo ni viwili tofauti: 90 ya gia ina mnato unaokaribia 40 au 50 ya injini. Fuata kitabu cha gari. Kutia 140 ili kuzima mlio wa difu iliyochakaa ni kumfunika mgonjwa blanketi: mlio utapungua, beringi itaendelea kuliwa.

Kama difu ni ya kuzuia gurudumu moja kuteleza na ina klachi ndani, oili iwe imeandikwa LSD, au iongezwe kiambato cha kupunguza msuguano. Bila hicho klachi hushika na kuachia kwa mishtuko, na nyuma kutatikisika kila unapokata kona kali.

Muda wa kubadilisha unategemea gari na kazi. Wengi huangukia kati ya kilomita 40,000 na 80,000. Ukivuta trela au kubeba mzigo mzito kila siku, upunguze hadi nusu. Gari likizama majini hadi ekseli, usihesabu kilomita, kagua oili mara moja.

Endesha kwanza dakika kumi na tano hivi ili oili ipate uvuguvugu na imwagike na uchafu wake. Weka gari juu ya shimo la fundi, au liinue pande zote likae sawa juu ya stendi, kwa sababu likiinuka upande mmoja kipimo kitakudanganya. Sasa fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nati ya kujazia ikikataa ukiwa umeshamwaga, gari limelala hapo. Difu nyingine hazina nati ya chini. Hizo hufunguliwa kifuniko au hunyonywa kwa pampu.

Oili ikitoka, itazame. Unga laini mweusi kama grisi kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino au beringi, na oili mpya haitavitibu. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Futa sumaku, weka washa mpya ya nati, kaza nati kwa kipimo cha kitabu, kisha sukuma oili kwa pampu ya mkono hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Difu ya nyuma ya pikapu kwa kawaida hula lita 2 hadi 4, lakini tundu ndilo mwamuzi. Ukizidisha, oili hufanya povu na kusukuma sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, na sili za ekseli zikiachia, oili hulowesha breki za nyuma.

Kabla ya kumlaumu aliyefunga sili, kagua kipumulio, kile kikofia kidogo juu ya ekseli au mwisho wa kimpira chake. Kikizibwa na tope, hewa ya ndani ikipata moto haina pa kutokea, na oili hupenya kwenye sili hata ikiwa mpya. Kizungushe kwa vidole: kinatakiwa kicheze. Kikiwa kimeganda, kisafishe kwa petroli au kibadilishe siku hiyohiyo.