Mita ya Maji Inayozunguka Mkiwa Mmelala

Chagua usiku mmoja wa zamu yenu ya mgao, maji yakiwa yanakuja. Subiri tangi la juu lijae, funga mifereji yote, kisha utoke na tochi ya simu ukasome mita. Andika tarakimu zote, hata zile nyekundu za mwisho. Alfajiri, kabla mtu hajaingia chooni, isome tena. Ikiwa imesonga, kuna maji mnayolipia ambayo hakuna aliyeyatumia.

Mara nyingi ni choo. Ndani ya tangi lake kuna kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chini. Mpira ukichakaa, maji huteremka kidogo kidogo, boya linashuka, tangi linajijaza upya, na mchezo huo huendelea usiku kucha. Sakafu ni kavu, kwa hivyo hakuna anayeshuku. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha uchungulie bakuli. Ikiwa rangi imeshuka, badilisha mpira. Ni kazi ndogo kwa fundi wa bomba, lakini choo kinachovuja hivyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Tena, kama nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka, ada yake hukokotolewa kutokana na maji yaliyopita kwenye mita. Unatozwa mara mbili kwa maji ambayo hukuyagusa.

Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde humaliza takriban lita 20 kwa siku. Huo ni mtungi mzima, na anayenunua maji kwa mkokoteni anajua bei yake.

Mgao nao una hasara yake. Unafungua mfereji, nao unakoroma hewa tupu, kisha unauacha wazi na kwenda kazini. Maji yanarudi saa nane mchana na nyumbani hakuna mtu. Mfereji mkavu ufungwe kama ule wenye maji.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu kabla ya kuletwa mjini, kwa hivyo tone linalopotea mitaa ya Umoja au Kayole limeshagharimiwa dawa na safari. Wako wanaosema handaki la Northern Collector lilimaliza uhaba wa maji mjini. Sikubaliani nao. Handaki hilo huchota mito ya Maragua, Gikigie na Irati, na mito hiyo hutegemea mvua ya milima ya Aberdare, sawa na Ndakaini yenyewe. Mvua ya Machi hadi Mei ikikosa, yote hupungua pamoja.

Na ndiyo, mabomba ya mjini yanavuja pia. Karibu nusu ya maji yanayosafishwa hayafiki kwenye bili, kwa kuvuja na kwa kuibwa. Hasira yenu ni ya haki, ila haizibi choo chako.

Ukikagua vyoo na mifereji yote na mita bado inasonga, fuata bomba kutoka kwenye mita hadi mlangoni. Tafuta udongo laini, au kipande cha nyasi kilicho kibichi katikati ya Februari. Chimba hapo.