Roho ikishuka, mwili unafanya nini?

Familia nyingi zinazotujia hapa Bukavu huuliza swali moja: binti yetu alianguka kwenye maombi, akasema kwa sauti isiyo yake, ni roho au ni wazimu? Mara nyingi si wazimu. Kuhusu roho, waulizeni wachungaji. Mimi ni mtu wa afya ya akili, na sina kipimo chake.

Hali hiyo ni ya kale na iko karibu kila mahali. Mwanaanthropolojia Erika Bourguignon alichunguza jamii 488 duniani, na mwaka 1973 akaandika kwamba takriban 90 kwa mia kati yake zilikuwa na njia inayokubalika ya kuingia katika hali kama hiyo. Hapa Bushi, nchi ya Washi, kabla ya makanisa, watu walipandwa na Lyangombe, roho kuu ya jadi. Kwa Waluba wa Katanga, kilumbu, yaani mpiga ramli, hutabiri akiwa ameshikwa na roho.

Tazama kesha la Ijumaa pale Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Watu wamefunga tangu asubuhi, wamesimama saa nyingi, wanapiga makofi kwa mwendo mmoja, wanapumua haraka huku wakipaza sauti. Kupumua hivyo kunatoa hewa chafu mwilini kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi. Midomo inakufa ganzi, na vidole vinajikunja vyenyewe. Jirani anaona vile vidole, anapiga kelele zaidi, na mwenzake anapumua haraka zaidi.

Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake, kule Marekani, walipiga picha za ubongo wa wanawake 5 wanaonena kwa lugha. Sehemu ya mbele, ile ya kujitawala, ilipata damu kidogo kuliko walipokuwa wakiimba. Hilo linaendana na maneno ya waumini wenyewe: si mimi ninayesema. Nani basi anayesema, picha haikuonyesha.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina ugonjwa wa kupagawa, lakini haihesabu kile ambacho dini au mila ya mtu inakikubali. Ugonjwa ni pale hali inapomjia mtu bila kutaka, inajirudia, inamtesa na kumharibia kazi. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba roho za manabii huwatii manabii, yaani anayesema anaweza kujizuia. Na huku kwetu vita vimeacha watu ambao akili yao inaondoka wakisikia mlio tu. Hao wanahitaji kusikilizwa, si kufungwa kamba kwenye chumba cha maombi.

Kinachonisumbua zaidi ni kifafa. Hakingoji wimbo: kinamwangusha mtu sokoni, jikoni, hata usingizini. Mwili unakakamaa na kutikisika, pengine anajiuma ulimi au kujikojolea, kisha anaamka amechanganyikiwa. Mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu. Kutikisika kukizidi dakika 5, mpelekeni hospitali upesi. Mwenye dawa asiziache kwa sababu ameombewa: kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, na hiyo inaua. Mchungaji anaweza kumwombea huku anameza kidonge chake.